Akello na Mashine Yako ya Hesabu

Shangazi Zuhura,

Nakuandikia hapa hapa mezani kwako shuleni, nimekalia kiti chako, na ule mguu wake mbovu bado unanitikisa. Tangu tukuzike mwezi wa Shaaban sijathubutu kukiita changu. Darasa lako la tatu wamenipa mimi. Watoto wananiita "mwalimu wa mashine", jina lako hilo, nami siwakatazi.

Mashine yenyewe ipo. Ile kalkuleta Baba aliyokuletea kutoka Nairobi, walimu wenzako wakasema itawafanya watoto wavivu wa akili, nawe ukawajibu, "Mvivu ni mwalimu anayewaachia!" Betri ndiyo taabu. Sukari hakuna, sabuni hakuna, sembuse betri. Nimezipata Nateete kwa mlango wa nyuma, usiniulize zaidi. Na kanuni yako nilikuwa naishika vile vile: kisia kwanza, bonyeza baadaye. Mtoto aseme kwa sauti jibu litakuwa karibu na ngapi, ndipo aiguse mashine.

Kanuni hiyo ndiyo iliyonitia majaribuni. Unamkumbuka Akello, binti wa yule polisi wa hapa kwenye nyumba za polisi Nsambya, aliyekuwa akicheka mpaka unamtoa nje? Watu walikuja na gari wakamchukua baba yake, na mpaka leo hajarudi. Hakuna anayeuliza. Tangu siku ile Akello hasemi. Hata "ndiyo" hasemi. Mwalimu mkuu akaniambia mtoto asiyejibu hana faida ya kukaa darasani. Muhula ukiisha akiwa bado kimya, mama yake amchukue. Niliumia, wallahi. Mama mwenyewe hana pa kumpeleka.

Basi nikaipindisha kanuni yako. Nikamwacha Akello abonyeze bila kusema. Alikuwa akiishika mashine kwa mikono miwili, akizitazama tarakimu nyekundu zinavyowaka, kisha ananionyesha mimi peke yangu. Sikujua kama ungenifokea au ungenikumbatia. Ee Shangazi, nilikukosa siku zile! Nililia jikoni mpaka maji ya chai yakakauka.

Jana zamu ilikuwa ya Ssali, yule mtundu wa dawati la mbele. Saba mara nane. Akasema "karibu na sitini", vizuri kabisa, akabonyeza, kidole kikateleza kwenye sifuri baada ya nane. Mashine ikaandika mia tano na sitini. Unafikiri alishtuka? Wapi! Akalitangaza jibu kwa fahari, na darasa zima likamfuata, mia tano na sitini! Mashine ikishasema, nani abishe? Nikawa nafungua mdomo niwakemee.

"Hiyo urongo."

Sauti ndogo, kavu, ya mtu aliyetoka usingizini. Tukageuka wote. Akello alikuwa amesimama, ameinyooshea mashine kidole. "Hiyo urongo," akarudia. "Ni hamsini na sita." Kumbe muda wote ule alikuwa anakisia, Shangazi, kimoyomoyo! Mwalimu mkuu alikuwa anapita barazani. Akasimama dirishani, akasikiliza, akaenda zake. Leo asubuhi kaniambia Akello abaki.

Najua wewe ungemsahihisha, aseme "uongo". Mimi sikuweza, machozi yalikuwa yananitoka mbele ya watoto. Neno hilo sisi watu wazima siku hizi hatulitamki hata vyumbani mwetu kabla ya kuchungulia dirishani. Yeye amelisema mchana, wenzake wote wakiwa upande mwingine.

Naona watoto wanarudi kutoka uwanjani, niishie hapa. Pumzika, kipenzi changu, Mola akupe nafasi na nuru huko ulikolala. Betri zitakwisha, na mashine yenyewe huenda siku moja ikachukuliwa, sitakudanganya. Lakini nakuahidi, maadamu niko hai, hakuna mtoto atakayetoka mikononi mwangu akisema "ndiyo" kwa sababu tu wenzake wamesema ndiyo.

Mwanao,
Safia