Mtamba Mwekundu wa Susuni

Baba,

Urejeshaji wa taarifa ni kazi ya kutafuta, ndani ya hifadhi iliyopo, kile kinachokaribiana zaidi na kilichoulizwa. Neno zito hapo ni "iliyopo". Hifadhi haiwezi kurejesha kisichowekwa ndani yake. Inaponyamaza, haisemi kwamba kitu hakipo duniani, inasema haikijui. Nimelifundisha hilo chuoni miaka mingi. Mbele ya wazee wa Susuni nililisahau.

Ulikuwa umemkabidhi rafiki yako wa huko ng'ombe mmoja akutunzie: maziwa yawe yake, uzao mgawane, kama ilivyo desturi. Ng'ombe akafa, rafiki naye akafa, na mwanawe Mwita akasema hakubaki ndama wa damu ile. Ulisimama kwenye zizi lake, ukatazama kidogo, ukamwonyesha mtamba mwekundu ambaye hukuwahi kumwona.

"Huyu ni mjukuu wa ng'ombe wangu."

Mwita akacheka. "Profesa si yupo, mzee? Apime na kompyuta yake."

Nikapiga picha ya pua ya mtamba, kwa kuwa mistari ya pua ya ng'ombe hutofautiana kama ya vidole vyetu, na mfumo niliouunda huisoma. Mfumo ukatafuta katika hifadhi yake pua inayokaribiana na hiyo. Nikatangaza jibu: "Hakuna anayehusiana naye." Bibi yake hakuwahi kupigwa picha hata moja. Nilijua hilo wakati nikitangaza.

"Binti yangu, hiyo mashine imewahi kuchunga?"

Wazee walicheka, nami nikacheka. Kisha ukachukua fimbo yako. "Profesa amesema. Yaishe." Hukulitaja tena mpaka tulipokuzika kwetu Gorong'a.

Baada ya matanga nilipeleka maabara nywele za mkia za mtamba yule, Mwita hakukataa, pamoja na za ng'ombe wetu mzee wa nyumbani, aliyezaliwa na yule uliyemkabidhi rafiki yako. Ni damu moja. Niliisoma karatasi mara tatu nikiwa nimesimama. Mfumo wangu unahitaji picha nyingi ili umtambue ng'ombe yule yule mmoja. Wewe ulimwona bibi ndani ya mjukuu, kwa kutazama mara moja, kutoka upande wa pili wa zizi.

Nilipompelekea Mwita karatasi, aliisoma, akaikunja. "Siku ile mzee hakuyaacha kwa ajili yangu," akasema. "Aliyaacha kwa ajili yako, usiaibike mbele ya wazee."

Baba.

Jumamosi nitarudi Susuni kuwaambia wazee wale wale kwamba mashine haikukosea. Ni mimi niliyeligeuza "sijui" lake kuwa "hapana". Nakuahidi. Shikamoo, na upumzike.

Lakini kipimo kimethibitisha undugu tu, hakikusema ulijuaje. Nimelinganisha picha za mtamba yule na za ng'ombe wetu: pembe, nundu, masikio. Sioni kitu. Ulitazama nini?