Chumba Chako Sasa Ni Banda la Kuku

Frere Town, Mombasa
Jumapili, mwezi wa Machi
Mwezi wa saba tangu niondoke nyumbani baada ya kukuzika

Mama Nafula,

Sijui barua ya namna hii huanza vipi. Kwa aliye hai ningeuliza hali kwanza, kisha niseme mimi ni mzima. Hali yako siulizi. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, na huo unaujua.

Nimeketi juu ya ndoo mlangoni mwa kile chumba chetu kwa Mama Dama. Upepo unavuma pole pole, mwarobaini unadondosha majani madogo juu ya karatasi. Ndani kuna kuku. Wewe uliondoka kazi ikiwa katikati, kwa hiyo nitakueleza ilivyokwenda, na usiniharakishe. Unajua mwandiko wangu ni wa mtu aliyetoka shule mapema.

Unakumbuka nilivyokipata. Mama Dama aliniita nimzibie tangi la maji, na huko mwisho wa bustani nikaona stoo ya mbao ambayo marehemu mumewe alikuwa akiwekea majembe. Nikamuuliza inatumiwa na nani. Akasema, "Yatumiwa na panya. Ukiweza kuwatoa, mlete mkeo mkae. Kodi sitaki, utanilimia bustani." Siku ile nilirudi Kisauni, kwenye kile chumba tunamobanana wanaume wanne, nikakupigia simu nikiwa nimesimama nje kwenye matope. Nikakuambia utaona bahari. Ukacheka. Ukasema, "Maji yote hayo ya nini? Mimi nataka dirisha."

Basi nikakukatia dirisha upande jua linakotoka. Kila Jumapili, siku yangu ya kupumzika kazi ya ujenzi kule mjengoni, nilikuja hapa na nyundo yangu, na kila Jumapili ulipiga simu kuuliza nimefika wapi. Sakafu nikakusakafia. Nyufa nikaziba zote, kwa kuwa ulisema nyoka wa pwani ni wengi. Kitanda nikanunua Kongowea, kimetumika lakini mbao yake ni mvule. Rangi ulichagua wewe kwa simu. Ulitaka rangi ya chai yenye maziwa mengi. Ulikuwa uje tukishavuna mahindi.

Kisha homa ile. Wiki moja tu.

Nikaja, tukakuzika, nikarudi kazini. Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu: niliendelea kujenga. Nilirudi nikapaka ile rangi. Nikafunga komeo la mlango. Nikapima mahali pa jiko lako. Mjengoni mtu akiniuliza kama nina mke, nilisema yuko nyumbani, na sikuona kama ninadanganya. Mradi chumba kilikuwa hakijaisha, ilikuwa kama uko njiani, umechelewa basi tu. Nafula naye, kila akipiga simu kutoka kwa nyanya yake, aliuliza, "Baba, unakuja lini?" Nikamjibu, "Nikimaliza chumba." Nikawa namaliza kitu kimoja naanza kingine. Kuna Jumapili nilibandua misumari iliyokuwa mizuri kabisa nikaipigilia upya.

Mwezi wa Januari ukaingia na joto la kaskazi. Mama Dama alinikuta nafagia humu ndani, akasimama hapa nilipo mimi sasa, kikombe cha chai mkononi.

"Wekesa mwanangu, chumba hiki wamfagilia nani?"

Nikaendelea kufagia. Akanipa chai. Akasema, "Mimi mzee aliponiacha nilikaa mwaka mzima napika wali wa watu wawili. Sahani ya pili yaliwa na mbwa. Mbwa akanenepa, mimi nikakonda." Kisha akasema tutie kuku humu, mayai tutagawana, angalau mahali pawe na sauti.

Karisa, seremala wa kiambo cha pili, jirani yetu, alikuwa akisikiliza nyuma ya ua kama kawaida yake. Akapaza sauti, "Mama Dama! Umpe Mluhya kuku alinde? Si bora umpe paka dagaa!" Mama Dama akamwambia, "Wewe nyamaza, kabati langu umelikalia tangu Krismasi." Nikacheka. Nilisikia kicheko kikitoka kwangu nikakigeukia kama ni cha mtu mwingine.

Nikakubali, lakini kwa mdomo tu. Kitanda nilikisimamisha ukutani nikakifunika na nailoni kisiingie uchafu. Ukuta sikuugusa. Dirisha nililipiga waya wa kuku, kisha kwa ndani nikatundika gunia, nikisema moyoni kuwa waya hutolewa kwa dakika moja. Nilikuwa nikijenga banda ambalo siku yoyote lingeweza kurudi kuwa chumba. Na kazi yote niliifanya kwa maneno yako. Wewe ndiye mwalimu wangu wa kuku. Nilikuwa nakuona pale jikoni kwetu Kimilili, umechutama, unaziba matundu kwa udongo na samadi, ukisema, "Kuku hafi njaa, hufa baridi." Nikaziba. Chini ya mlango nikaweka gunia pia. Nikamwaga vumbi la mbao sakafuni, kwa wingi, kama ulivyokuwa ukifanya wakati wa ukungu wa mlimani.

Kuku wakaja kutoka Kaloleni ndani ya tenga, mitetea na jogoo mmoja mwenye shingo isiyo na manyoya. Ungempenda, ana kiburi cha shemeji yako.

Jumapili ile ya kwanza nilijilaza kwenye magunia, hapo kwenye kona, mwili umechoka na mifuko ya saruji ya wiki nzima. Mwanga ulipenya pembeni mwa gunia la dirishani, mwembamba, umejaa vumbi linaloelea bila kutua. Kuku walikuwa wanaparua lile vumbi la mbao. Na usingizi uliponishika nusu, ile sauti ilikuwa wewe. Ulikuwa umeketi na ungo mapajani unachambua maharagwe, unayasukuma mazuri huku, vijiwe kule. Sikufungua macho. Nikasema, "Mama Nafula, hujamaliza tu?" Mtetea mmoja akanijibu. Nikabaki pale jioni yote, sitaki kuamka wala silali, nimeshikilia sauti ile kama mtu anayebeba maji kwa viganja.

Nilidhani nimepata njia ya kuishi nawe. Chumba kimefungwa, wewe umo, mimi nakuja Jumapili.

Lakini kuku ni viumbe, Mama Nafula, na hapa si Kimilili.

Siku za kazi Mama Dama aliwafungulia bustanini tangu alfajiri, Jumapili aliniachia mimi. Jumapili iliyofuata nilifungua mlango mchana, joto likanipiga usoni kama la tanuri. Walikuwa wamelala kifudifudi, mabawa wameyatandaza, midomo wazi, wanahema. Mmoja alikuwa amekufa, tayari amekakamaa. Yule jogoo mwenye kiburi hakuinua hata kichwa. Nikapiga kelele. Mama Dama akaja mbio kanga ikiwa begani, Karisa akaruka ua, tukawatoa mmoja mmoja tukawaweka hapa chini ya mwarobaini, tukawanyunyizia maji na kuwanywesha kwa viganja.

"Wekesa," Mama Dama akasema, akiwa bado anatweta, "kuku hawa wawafuga ama wawapika?"

Nikamwambia nimeziba kwa ajili ya baridi.

"Baridi? Baridi gani? Huku baridi twaifuata baharini na hatuipati!"

Karisa akaniangalia. Akaingia ndani, akatoka akijifuta jasho, akasema dirisha halitoshi. Ukuta wa upande wa bahari lazima utoke wote kuanzia kiunoni kwenda juu, uwekwe waya, na juu ya mabati yalazwe makuti. "Bila hivyo," akasema, "wiki ijayo wazika wote."

Nikasema tufikirie kwanza. Nikasema labda dirisha la pili. Nikasema ukuta ule una rangi mpya. Nilikuwa naongea haraka, nakumbuka, nimeshika nyundo. Ukuta ukitoka, mtu hawezi kulala humo tena. Hata yule wa kuchelewa basi.

Mama Dama akamwambia Karisa akalete ngazi. Tulipobaki wawili akanishika kiwiko. Hakunitazama, alikuwa anatazama kuku.

"Hatakuja, Wekesa," akasema.

Watu wengi walikuwa wameniambia pole. Pastor alisema umepumzika. Ndugu zangu walisema umetutangulia. Hakuna aliyeniambia kwamba hutakuja. Nikaketi mchangani nikalia, mchana kweupe, kuku wamelala kando yangu wanahema. Karisa alirudi na ngazi, akaiegemeza ukutani, akaenda kusimama mbali akiuangalia mpapai kama hajawahi kuona mpapai.

Kisha nikainuka. Ukuta nilitaka niutoe mwenyewe. Kubomoa ni kazi yangu, nimebomolea matajiri nyumba nzima, lakini mbao zile nilizitoa moja moja bila kuzivunja, na kila moja ilipotoka upepo uliingia zaidi, mpaka ukapita ndani kote ukainua vumbi la mbao likaruka juu kama ukungu wa kwetu. Nilisimama katikati yake. Nilikuona. Sisemi nilikuona kwa macho. Lakini hukuwa umekasirika.

Kitanda nikakifungua pia. Chaga zake, zile mbao za kulalia, tumeziunga tukazipigilia ukuta hadi ukuta, na huko ndiko kuku wanalala. Jioni wanapanda mmoja mmoja, wanasukumana, wanagombania katikati kama watoto. Mvule ule ulikuwa wetu. Sasa nawatazama wakisinzia juu yake, na siwezi kukuambia kama ni huzuni au ni nini. Ni kitu kinachotulia.

Yule jogoo alipona. Leo Mama Dama ameokota yai la kwanza, bado lina damu kidogo, akaniletea limefungwa kwenye ncha ya kanga. "La kwako hili," akasema. "La kwanza ni la aliyelia."

Nikala. Kisha nikampigia Nafula. Alipouliza lile swali lake sikusema nikimaliza chumba. Nilimwambia mama yake amekufa, kana kwamba ndiye aliyekuwa hajui, na yeye akasema, "Najua, Baba," kwa sauti yako hasa, ya kumvumilia mtu mjinga. Akanieleza kwamba mvua imelilainisha kaburi lako, udongo umebonyea upande wa miguuni, na ameweka mawe kulizuia.

Nimechanganya saruji ya watu nisiowajua kwa miaka. Ya kaburi lako nitaichanganya mwenyewe, na kokoto nitaziosha.

Kwaheri, mke wangu. Neno hilo sikulisema siku ile, nilikuwa nashughulika na mahema na viti vya wageni. Nalisema leo. Na hii ni ahadi, si maneno ya simu: shule zikifungwa mwanzo wa Aprili nitakuwa nimeshafika. Nitashuka basi mchana, si usiku kama anayejificha, nipite katikati ya soko watu wakiniona, nifungue nyumba yetu nilale ndani yake. Saruji mbichi hupasuka isipomwagiliwa maji, kwa hiyo sitarudi Mombasa upesi. Tutakaa hapo nawe, mimi na Nafula, tukimwagilia asubuhi na jioni, mpaka ishike.

Mume wako,
Wekesa