Supu ya Kambale

Tangini, Kibaha

Dada Biubwa, shikamoo.

Hongera ya mtoto. Nikipiga simu mama anapokea na kusema mzazi hashiki simu mpaka arobaini itoke, ndiyo maana namtuma Hashiru wa bodaboda aje Kisarawe akukabidhi barua hii mkononi.

Wale kambale wa bwawa letu alionipa mama nimewapima hapa maabara. Samaki akimeza zebaki, ini lake hutengeneza protini nyingi za kujikinga. Maini ya hawa yamejaa protini hizo. Nimerudia kupima, majibu ni yale yale.

Mama anacheka: "Samaki anaruka mzima, sumu itoke wapi?"

Dada, nakupigia magoti, usinywe tena hiyo supu ya kambale anayokupikia ili maziwa yajae. Mwambie unataka kuku.

Leo mama ameniambia habari zako kwa furaha, "Maziwa yanamtoka mpaka yanalowesha kanga."

Mdogo wako,
Naila