Namba Zenye Sehemu Nne

Shangazi yangu mpendwa,

Mlio wa chaki ikikatika mkononi mwa mwalimu bado umo masikioni mwangu. Nilikuwa ubaoni nikizidisha namba zenye sehemu nne, ambazo ndizo ninazosoma sasa, nikazibadilisha nafasi bila kufikiri. "Binti, hizi si mbili mara tatu, ambayo ni sawa na tatu mara mbili," akasema. "Hapa ukitanguliza ya pili, jawabu linaweza kugeuka hasi." Wenzangu walicheka, nami nikacheka. Kila tunapozipanua namba, kuna mazoea fulani tunayoyapoteza.

Kikohozi changu kimepona, na dirisha la chumbani limetengenezwa.

Uliniambia kwenye simu, "Olewa kwanza, mwanangu. Masomo hayana miguu, yatakimbilia wapi? Kianze hiki au kile, si yale yale?" Nimelifikiria sana neno hilo, maana mchumba uliyenitafutia ni mtu mwema. Lakini nikianza na ndoa, nyumba yake itanimeza kwa upole, na atakayerudi darasani, kama atarudi, hatakuwa mimi.

Tafadhali kaa kwanza ndipo unikasirikie. Jana nilimrudishia pete. Aliuliza kama anisubiri. Nilimwambia asinisubiri.

Ni mimi, mkaidi wako.