Koti la Mwenyekiti

Baba,

Shikamoo, hata kama wa kuitikia hayupo. Hapa Masumbwe Mama bado anakaa upande wake wa kochi, wako ameuacha wazi. Tangu tukuzike hajacheka. Analima, anakula, anasalimia watu, ila kicheko hana, na hilo linanitisha kuliko kilio.

Ndiyo maana niliubeba ule mkanda wako wa video hadi Geita, kwa fundi anayehamishia mikanda kwenye flashi. "Mwenyekiti Hayupo", kichekesho cha runinga ambacho mtaa mzima ulikikataa. Wachimbaji waliokuja kutazama kwetu walitaka filamu za karate. Wewe ukasema, "Waacheni, hii inataka akili iliyotulia." Ofisi moja, koti kwenye kiti, wananchi kwenye foleni wanaliamkia koti. Mama, na Kiswahili chake cha kuombea maji, alikutegemea umtafsirie Kisukuma. Alikuwa akicheka mpaka kitenge kinamfunguka! Unakumbuka alipokwenda ofisi fulani kugongewa muhuri, akakuta koti kwenye kiti kitupu, akaangua kicheko? Walimtoa nje bila muhuri.

Jumapili mchana nikaiwasha. Baba, uliniponza. Wale watu hawasemi karibu chochote. Wanakaa. Wanakohoa. Mzee mmoja analifuta koti vumbi kwenye kola, kwa heshima zote, kisha anarudi mwisho wa foleni. Ule ugomvi wake na koti, yule ng'ombe aliyeletwa kutoa ushahidi, vyote nilivyovisikia utotoni ukimtafsiria Mama, ulivitunga wewe. Nilitazama kama naota. Ndipo nikaona walivyokuwa hodari, walivyowasema wakubwa bila kufungua mdomo, na ukimya wao ulivyokuachia wewe nafasi. Nimekukumbuka mno siku ile.

Mama akanigeukia. "Tafsiri, ng'wanone, mwanangu."

Cha kutafsiri hakikuwepo. Nikasema kwa Kisukuma kwamba mzee analiuliza koti kama limeshakula, na kama watoto wake vizibao hawajambo. Mama akanitazama, akanitazama. Halafu akacheka, Baba. Alicheka huku machozi yanamtiririka, akasema, "Baba yako alikuwa anadanganya vizuri zaidi."

Kumbe miaka yote alijua.

Pumzika, Baba. Nakuahidi, kila Jumapili nitakaa naye pale, nami nitamdanganya.

Mwanao,
Milembe