Baiskeli Yako na Betri Yangu

Chumba cha Ushonaji,
Ghorofa ya Tatu, juu kwa Kinyozi.
Jumapili, 31 Mei.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Marahaba yako naipokea kabla hujaitoa, maana najua kalamu yako ni nzito kuliko pasi yangu. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Na wapwa zangu je, bado wanakula kama nzige? Goti lako linaendeleaje? Usinijibu kuwa si baya sana. Nijibu kama unavyomjibu daktari. Sisi huku wazima. Paka ndiye aliyekuwa na mafua, naye amepona.

Mimi nipo, na betri ya moyo waliyonipandikiza kifuani ipo, tunakwenda. Kidonda kimefunga, kimebaki kialama kifupi chini ya bega. Kama fundi nimekikagua kwenye kioo na nimeridhika na mshono. Wifi yako ameipa betri jina la Mke Mwenza, kwa kuwa inalala nami, inaamka nami, na ndiyo inayosikilizwa. Ile sumaku yangu ya kuokotea pini niliyokuwa nikiivaa shingoni amenivua, kwani betri haitaki sumaku karibu na kifua. Siku hizi pini naziokota kwa vidole, na kwa makalio pia, nikisahau kutazama kiti.

Sasa nije kwenye baiskeli ya mazoezi uliyonitumia. Dada, asante sana. Ni baiskeli nzuri, haiendi popote. Nilijiambia hapa ndipo pangu: mtu aliyekanyaga cherehani tangu ujana atashindwaje na pedali? Nikapanda kwa maringo, mke na binti yangu wakitazama. Nyimbo mbili za redio hazijaisha, miguu ikawa uji, pumzi ikakatika, kizunguzungu kikaja. Kesho yake vivyo hivyo. Nikazidisha bidii, si ndivyo tulivyolelewa? Ikawa mbaya zaidi.

Hapo ndipo nilipokuandikia ile barua ya kinyonge, nawe ukanijibu kwa ukali wa mapenzi: nifunge chumba, nimrudishie mwenye nyumba ufunguo mwisho wa mwezi, nikae nyumbani nitunze afya. Sikukasirika. Niliona una haki. Moyo ulioshindwa na baiskeli isiyosogea utaziwezaje ngazi za ghorofa tatu kila siku? Nikampa mwenye nyumba taarifa. Nikaanza hata kufikiria nani nimrithishe mkasi mkubwa. Lakini Dada, wazo lile lilinikondesha kuliko ugonjwa. Mimi nikikaa kwenye kochi kutwa nzima, hapo nyumbani ni nani atakayevumilia?

Wifi yako ndiye aliyesema siagani na mkasi wowote kabla sijarudi kliniki. Huko tukamkuta mtaalamu wa betri, dada mmoja kijana mwenye raba zinazolia sakafuni. Akaniwekea kitu kama kisahani kifuani, akasoma kwenye skrini yake habari zangu zote, kisha akauliza nafanya mazoezi gani. Nikamweleza, kwa fahari kidogo. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Baba, hii mashine haijui miguu yako," aliniambia. "Inasikiliza kifua kinavyotikisika. Juu ya baiskeli kifua chako kimetulia, yenyewe inajua umekaa kwenye kochi. Moyo haujakataa kazi. Haujaambiwa kuwa kuna kazi."

Nikajifanya nasoma bango la chanjo ukutani.

Alinielewesha hivi. Betri ina sakafu na dari. Chini ya mapigo sitini kwa dakika hainiachi nishuke. Juu ya mia na ishirini hainisukumi, hata nikifukuzwa na mbwa. Moyo wangu siku hizi haupandi wenyewe kazi ikizidi. Betri ndiyo huupandisha, tena pale tu inapohisi mtikisiko. Kumbe kwenye baiskeli nilikuwa nakimbia na mapigo ya mtu anayesinzia. Akairekebisha iwe nyepesi kuhisi, akanitembeza koridoni nikipunga mikono, akaridhika. Nitembee, akasema, nianze taratibu na nimalize taratibu. Nikifika darini miguu ikawa mizito, nipunguze mwendo, nisibishane nayo. Nikiweza kuimba, nazembea. Nikishindwa kuzungumza, nimezidisha.

Kwa hiyo kila jioni natembea na wifi yako. Mazungumzo analeta yeye. Mambo yote niliyoyakwepa tangu tuoane yameulizwa, na siwezi kusingizia pumzi, maana nikinyamaza tu anasimama na kunishika mkono kupima mapigo. Kwenye ngazi napunga mikono kama askari wa gwaride. Kinyozi ananiita Afande, na wateja wake wananipigia saluti wakiwa na povu kidevuni. Nazipokea. Heshima haichaguliwi inakotoka.

Jumatano iliyopita mwenye nyumba akaja mwenyewe kuchukua ufunguo. Nikamwomba tupande kwanza akikague chumba. Kusema kweli sikuwa na hakika. Tangu nirudi kliniki sikuwa nimepanda ngazi zote bila kusimama. Tukaanza, mimi na mikono yangu, yeye na tumbo lake. Kwenye kona ya ghorofa ya pili kuna stuli ambayo Kinyozi aliniwekea enzi za huzuni. Nilipoifikia nikajisikiliza: pumzi ipo, maneno yapo. Nikaipita. Mara nikasikia stuli inalia nyuma yangu. Mwenye nyumba amekaa.

"Fundi," akaniita kwa taabu, "huo ufunguo kaa nao. Mtu mwingine wa kupanda huku nitamtoa wapi?"

Nikafungua chumba, nikashuka na maji ya kunywa kumpelekea, kisha nikapanda tena.

Basi Dada, sifungi. Usinune. Siku kliniki ikisema basi, nitafunga, na wewe utakuwa wa kwanza kujua. Baiskeli yako nayo haijaonewa: wifi yako huipanda akisikiliza taarifa ya habari. Yeye moyo wake unaisikia miguu bila mkalimani.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu mmoja mmoja, mpaka yule asiyeamkia watu. Mama mdogo anakukumbuka kila akila. Binti yangu anamwamkia shangazi yake. Mungu awafunike kwa amani, awape usingizi mwema na riziki isiyo na makelele.

Uliandika kwamba gauni la harusi ya mwanao utanunua la dukani, usije ukanichosha. Usinunue. Nitumie vipimo vyako, vya leo, si vya miaka ile. Kitambaa kiko mezani, nangoja kukata.

Mdogo wako akupendaye hata unapofoka,
Fundi