Miche Niliyoilea Kibati

Katindo, Goma
Novemba 2025

Kwako kaka yangu mkubwa, Yaya Olivier,

Pokea salamu zangu na za Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kampala, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi kilichokusumbua wakati wa mvua kimeisha. Sisi tuko. Goti la Mama bado linamuuma akisimama sana kanisani, lakini anakula, anacheka, na kila jioni anauliza kama umepiga simu. Namjibu kwamba mtandao ni mbaya. Nimelisema hilo mpaka sasa anaulaani mtandao wenyewe.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu huipokei. Dereva anayekuletea barua amebeba pia samaki wakavu wa Vitshumbi, Mama kawafunga kwa mikono yake. Hiyo ni zawadi ya Mama. Mimi sijakutumia kitu.

Nianze na asperji, maana najua ndiyo habari unayoisubiri. Ulisema wateja wako wanataka kulima mboga hiyo ya wazungu bila dawa hata kidogo, na shida yao ni miche. Ile iliyotoka ng'ambo ilikuwa imechovywa dawa ya kuzuia kuoza, wakaguzi wakaikataa. Ukaniambia kwamba shamba la Baba pale Kibati lina udongo mweusi ambao haujawahi kuonja mbolea ya duka, nioteshe miche mimi, mingi iende Kampala na mingine niipande pale pale, iwe ya kwangu na Mama. Ulisema sisi ndio tutakuwa chanzo. Hilo neno "sisi" nililipenda kuliko mbegu ulizonitumia.

Nikaotesha. Mawe ya volkano niliyatoa kwa mikono hadi kucha zikaisha. Mbegu nililowesha kwenye maji vuguvugu, na zilipochipua zilikuwa nyembamba kama nywele. Mama alizitazama akauliza kama wazungu siku hizi wamekuwa mbuzi. Sikuweka kitu ila samadi na majivu, na magugu niling'oa moja moja. Mimea iliyotoa vitunda vyekundu niliifunga uzi, kwani hiyo ni mijike, na wateja wako walitaka midume inayozaa zaidi. Vita vilipopita hapa kwetu tulikimbia na magodoro kichwani kama kila mtu. Nilipoweza kurudi nikawa natembea kutoka Katindo hadi Kibati, bidoni la maji mgongoni, na wewe kwenye simu ukiniambia nijikaze, mradi wetu usife. Haukufa. Ukifukua mche mmoja unakuta mizizi minene inaning'inia kama miguu ya buibui, myeupe, safi. Nilijivuna, Yaya, siwezi kuficha.

Basi juzi juzi nilifika shambani nikamkuta mwanamume na kamba na vijiti, anapima. Anaitwa Papa Carlos, anauza mbao mjini. Ni mtu wa heshima, alivua kofia kunisalimia. Akanieleza bila kificho kwamba shamba amekwisha kulinunua kwako, kwamba wewe ndiwe mtoto wa kiume na hati iko kwa jina lako, na kwamba ulimwomba avumilie kidogo mpaka miche ing'olewe ipakiwe kwenye gari lako. Nikamuuliza ni nani wa kuing'oa. Akasema maneno yako yalikuwa haya: "Kuko mulinzi mumoja pale, mwanamuke, ye atangoa yote."

Hakujua anaongea na nani. Nilipomtajia jina la baba yangu aliinamisha kichwa. Kisha akasema kaburi la Muzee Havugimana pale kwenye kona ataliwekea uzio. Mtu baki aliona haya. Wewe haya zako uliziacha wapi?

Na usiseme hukujua. Asperji si maharagwe. Ukishaipanda inakaa mahali pamoja miaka na miaka, ndiyo maana anayeipanda lazima awe na uhakika na ardhi yake. Ulinifundisha wewe mwenyewe kwenye simu, huku unatafuta mnunuzi. Mulinzi! Hata mulinzi huambiwa siku ya kuondoka.

Sasa sikiliza nilichofanya. Unakumbuka Baba alivyotulea kule Masisi: jirani akirudi kutoka ukimbizini, anapewa cha kuanzia kupanda, chochote ulicho nacho. Hauziwi. Ila lazima aje mwenyewe na jembe lake, achimbe kwa mkono wake, na asiseme asante, maana ukishukuru mche haushiki. Pale Kibati watu wamerudi mikono mitupu. Nikamwambia Nyiransabimana, yule mjane wa nyuma ya shamba letu, naye akawaambia wengine. Wakaja na majembe. Niliwaeleza kwamba hii si ya kuchemsha, ni ya kungojea. Wengine walicheka, lakini walichimba miche mpaka tuta la mwisho, na hakuna aliyeshukuru. Nyiransabimana alipanda yake kwake, kando ya migomba, halafu akanionyesha tuta tupu lililobaki, akasema hilo ni la kwangu maadamu yeye yuko hai. Nililia pale pale, kwa hasira zaidi kuliko furaha.

Kwa hiyo ukituma gari, litarudi tupu. Miche haikupotea, iko Kibati, nyumba kwa nyumba. Ukiihitaji hawatakunyima, desturi hairuhusu. Lakini hawatampa dereva, wala mtu wa kutumwa. Itabidi uje mwenyewe na jembe, upige hodi kila mlango, useme wewe ni mtoto wa nani, kisha uiname uchimbe.

Mama hajui. Anaamini siku moja utamjengea chumba pale karibu na Baba. Mimi sitamwambia. Ukija na jembe lako, pitia kwanza hapa Katindo umwambie wewe.

Msalimie shemeji, uwashike watoto mkono kwa niaba ya shangazi yao. Mungu awape usingizi mwema.

Ni mimi,
mulinzi wako wa shamba,
Donatille binti Havugimana